Kamera Kwenye Makutano Yangu

Machi 2. Mawingu, manyunyu asubuhi.

Nina miaka sabini na minne. Nimewazika wakuu wa kituo sita, nimezimaliza pikipiki tatu za serikali, nimebaki nyuma ya mke mmoja ambaye mfano wake sitauona tena, na madaktari wawili walioniambia nipunguze chumvi wote wametangulia. Shule niliishia darasa la nne. Lakini kitabu cha matukio cha kituo nilikiandika miaka thelathini na moja, na hakuna hakimu aliyewahi kukirudisha akisema hakielewi. Na hiki nitakiandika vilevile: siku, hali ya hewa, kilichotokea, nani alikuwepo.

Nimeanza leo kwa sababu leo wamevunja jukwaa langu.

Lilikuwa la saruji, duara, katikati ya makutano, na mistari myeusi na myeupe niliyoipaka kwa mkono wangu kila mwisho wa mwaka. Mafundi wa kofia za njano wamelimaliza kwa nyundo kabla chai yangu haijapoa. Mahali pake hawajaweka kitu. Wamesimamisha nguzo nne pembeni, moja kila kona, na juu ya kila nguzo kisanduku chenye jicho.

Gundi, fundi viatu aliyekaa kwenye kona ya duka la vitabu tangu mimi bado kijana, akaniambia, "Afande, wamekubomolea nyumba."

Nikasema nyumba ilikuwa ya serikali.

"Sasa mbona macho mekundu?"

Nikamwambia ni vumbi. Akatazama barabara iliyolowa, akaendelea kushona soli.

Machi 3. Mvua. Sikutoka.

Machi 8. Mvua asubuhi, jua mchana.

Binti yangu amenieleza hii mitambo wakati tunakula. Yeye ni dereva wa basi la shule, na mimi nakaa kwake tangu mama yake afariki. Anasema taa zitajiwasha na kujizima zenyewe. Gari likipita nyekundu, au likizidi mstari, kamera inapiga picha ya namba, na dereva analetewa barua. Kila barua ni alama moja. Alama tatu, leseni inafungiwa mwaka mzima.

"Na nani anamtazama dereva usoni?"

"Hakuna, baba. Inatazama namba."

"Je, kama amebeba mgonjwa?"

"Baba, chakula kinapoa."

Machi 10. Mvua nyepesi kutwa.

Siku ya kukaa ndani, nimekumbuka mengi. Mimi magari ya mji huu nilikuwa nayajua kwa honi. Lori la mbao lilikuwa linakohoa kabla ya kuonekana. Mkunga alikuwa na gari dogo la bluu, na akija kasi sikuhitaji kuulizwa, nilifunga njia zote nne mkono mmoja juu, filimbi moja ndefu. Watoto wangapi wa mji huu wamezaliwa hospitali na si barabarani kwa ajili ya mkono huu, mimi sihesabu, lakini wengine sasa wana mvi.

Mama watoto naye nilimpata palepale. Alisimama ukingoni na beseni kichwani, nikasimamisha malori mawili na gari la meneja wa benki ili avuke. Kumbe havuki, anamsubiri mwenzake. Njia nne zimesimama, honi zinalia, na yeye ananitazama. Akacheka mpaka beseni likayumba. Kesho yake alivuka mara tatu na hakuwa na safari.

Machi 17. Jua.

Taa zimewashwa leo. Watu wamejaa kama wamekuja kuona mechi. Mimi nilifika saa kumi na mbili asubuhi kama kila siku. Nieleze hapa asiyejua ajue: nimestaafu miaka kumi na minne, lakini asubuhi naenda makutano kusalimia, na foleni ikizidi naingia barabarani kuwasaidia vijana. Hakuna askari aliyewahi kunikataza. Madereva wakiniona wananipigia saluti. Askari hastaafu, anabadilishiwa zamu tu.

Leo hakukuwa na kijana wa kusaidia. Askari wote wamehamishwa kwenye makutano yasiyo na taa. Nimesimama na Gundi tumetazama magari yanasimama na kuondoka, yanasimama na kuondoka, bila mtu.

"Umeachishwa kazi na bomba la chuma," akasema.

Nikamwambia bomba halina mshipa.

"Ndiyo maana halichoki."

Machi 24. Mvua kubwa mchana.

Wiki moja tu, na nusu ya mji ina barua. Nikauliza sababu. Si kwamba wanapita nyekundu. Wanasimama, tena vizuri, kama nilivyowafundisha. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nawaambia: pua ya gari ije mpaka usawa wa jukwaa, isizidi. Sasa wamechora mstari mpya hatua tatu nyuma. Jukwaa halipo, lakini miguu ya madereva inalikumbuka. Wanafika, wanakanyaga breki palepale, na kamera inawapiga picha hatua tatu mbele ya mstari. Wageni hawapati barua. Ni sisi wenyeji, hasa wenye umri.

Binti yangu naye amepata moja.

Aprili 1. Mvua.

Aprili 2. Mvua. Goti.

Aprili 6. Mvua tangu alfajiri.

Binti amepata alama ya pili, kosa lilelile. Anasema mvua ilifunika rangi ya mstari, na mguu ukasimama wenyewe ulipozoea. Mguu huo niliufundisha mimi, kwenye barabara hiyo, akiwa na miaka ishirini, kwa gari la kuazima ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba.

Hakunilaumu. Aliweka ile barua juu ya meza, akaifuta maji kwa kiganja, akasema, "Imebaki moja, baba."

Najua maana yake. Basi ndilo linalotuweka mjini. Kazi nyingine hajui na hataki kujua. Watoto thelathini wanapanda basi lake asubuhi na kila mmoja anamwita mama.

Aprili 11. Mvua asubuhi, mawingu.

Nimekwenda kituoni kulalamika juu ya mstari. Chumba cha zamani cha mahabusu wamekipaka rangi wakaweka vioo vya picha ukuta mzima. Anayevitazama ni askari kijana, mwembamba, mwenye miwani. Aliposikia mimi ni nani akasimama, akaniita afande, akanipa kiti chake. Nimempa jina Miwani.

Malalamiko ameyaandika. Anasema mstari uko sahihi kwa vipimo, wenye miguu wanahitaji nafasi, lakini atapeleka. Halafu akanionyesha picha moja: gari jeusi la mkubwa, lenye bendera, linapita nyekundu. Barua imeshakwenda. Mimi magari ya namna hiyo nilikuwa nayapigia saluti na kufunga njia kwa wengine. Nilicheka, siwezi kukataa.

Akaniuliza, "Afande, kwa miaka yako pale, wangapi walikufa?"

Nikamwambia kumi na mmoja. Nikamtajia wote kwa majina, na saa, na nguo walizovaa. Wa saba alikuwa anauza magazeti. Miwani aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

"Tangu taa ziwake, hakuna," akasema polepole, kama anaomba radhi.

Nikamwambia mwezi mmoja si miaka thelathini na moja. Ni kweli. Lakini na hilo la kwake ni kweli, nami nimeliandika.

Aprili 12. Mvua.

Aprili 15. Mvua. Mfereji wa upande wa bondeni umeziba takataka. Nimemwambia mtu wa usafi. Amesema sawa.

Aprili 19. Mvua ambayo sijaiona tangu binti yangu azaliwe.

Kalamu ije pole, maana leo kuna la kuandika.

Saa nane na nusu mchana radi ilipiga upande wa soko. Nilikuwa nimejibanza kwa Gundi chini ya turubai lake. Taa zote nne zikawa nyekundu, zikabaki nyekundu. Tukasubiri. Dakika kumi. Ishirini. Magari yamejaa njia zote, honi zinalia, hakuna anayesogea. Zamani dereva angetoa kichwa, angeuliza, angeingia. Leo kila mmoja anatazama lile jicho juu ya nguzo, maana lenyewe lilikuwa linamulika kama kawaida. Mji mzima umegandishwa na taa iliyoharibika.

Upande wa bondeni maji yameanza kupanda, kwa sababu ya ule mfereji. Na gari la sita kutoka mbele, kwenye shimo lenyewe, ni basi la njano. Basi la binti yangu, na watoto ndani. Maji yalikuwa yameshafika ngazi ya kwanza ya mlango.

Gundi akasema, "Afande, wale watoto."

Nilikuwa nimeshashuka ukingoni.

Nilisimama pale jukwaa lilipokuwa. Miguu ilipajua. Nikavua koti nibaki na shati jeupe waone mikono, nikaweka filimbi mdomoni, nikapiga moja ndefu. Wallahi honi zote zilinyamaza. Nikafunga njia tatu, nikaufungua upande wa bondeni, nikamwita wa kwanza. Dereva wa lori la maji, mvi kichwa kizima. Akatazama taa, akanitazama mimi. Akapiga saluti, akapita. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Mkono ulikuwa unazunguka wenyewe kama wa kijana wa miaka thelathini, mvua inaingia kwenye mkono wa shati na kutokea kiunoni, na mimi sijawahi kuwa na furaha namna hiyo tangu nizike mke wangu.

Zamu ya basi ilipofika, binti yangu akasimama mbele yangu. Alibisha kidogo, akitoa kichwa dirishani. Nikapiga bodi ya basi kwa kiganja, nikapiga filimbi, akapita. Watoto walinipungia mikono.

Nikafungua njia ya pili, ya tatu, ya nne, kwa zamu, kila mtu haki yake. Magari arobaini na matatu, nimeyahesabu. Miwani alifika kwa pikipiki amelowa chapachapa, kazi ikiwa karibu imeisha. Akanitazama, akatazama nguzo. Akaingia akamalizia.

Gundi alinipa chai. Alisema, "Leo umewatoa jasho vijana." Hajawahi kunisifu kabla ya hapo.

Aprili 20. Mvua. Mabega hayanyanyuki. Nimelala kama mfalme.

Aprili 23. Manyunyu.

Barua zimefika. Arobaini na tatu.

Kwa mtambo, taa ilikuwa nyekundu na waliipita, basi. Wengine wamepata alama ya kwanza au ya pili, wamenung'unika wamenyamaza. Ni mmoja tu aliyekuwa amebakiza moja.

Shule imechukua funguo za basi leo mchana. Amepewa dereva mwingine mpaka kikao cha leseni kiamue, tarehe nne mwezi ujao.

Nilimwambia, "Sheria inasema mkono wa askari unashinda taa. Hawana kesi."

Akasema, "Mkono wa askari, baba," akaingia chumbani kwake.

Aprili 24. Jua. Hakuna mazungumzo nyumbani.

Aprili 25. Jua kidogo. Hakuna.

Aprili 27. Mvua.

Amefua mapazia yote ya nyumba kwenye siku ya mvua. Mama yake alikuwa hivyohivyo, akikasirika anafua. Nimekaa naangalia mapazia yanavuja maji barazani, nikamkumbuka mwenye tabia yake.

Aprili 30. Mawingu.

Gundi ameniletea habari. Wale madereva wote wamejaza fomu ya kujitetea na wameandika sentensi moja: Askari aliniita nipite. Kituo kimeangalia orodha ya zamu tu, picha hawajazitazama, na hakuna askari aliyepangwa pale siku ile. Kwa hiyo wanaonekana wamekaa wakapanga uongo mmoja, watu arobaini na wawili. Binti yangu peke yake hajajaza kitu.

"Wewe nenda sema ulikuwa kazini," Gundi akaniambia. "Useme ulipostaafu mkuu wa kituo alikuagiza kwa mdomo uendelee kusaidia pale. Nani atapinga? Wakuu waliokuwepo wote umeshawazika."

"Ndiyo nilivyopanga."

"Na uvae sare."

"Nimeshaipiga pasi."

Mei 4. Jua kali, siku ya kwanza bila wingu.

Chumba cha kikao ni kidogo, meza ndefu, feni isiyozunguka. Mwenyekiti ni mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Miwani alikuwepo na mashine yake. Nje kwenye ukumbi madereva wengine wamejaa, wameletwa kusikia, kwa sababu kesi ni moja. Mimi nimevaa sare. Shingo haifungi, lakini mabegani inakaa.

Mwenyekiti alianza na binti yangu. "Dereva, taa ilikuwa nyekundu. Uliiona?"

"Niliiona."

"Kwa nini ulipita?"

"Niliitwa."

"Na nani? Wenzako wanasema askari. Hatukuwa na askari."

"Mama, naomba mtazame picha," akasema. "Mimi sitamsemea."

Miwani akaiwasha. Mimi kwa miaka thelathini na moja sijawahi kupigwa picha nikiwa kazini. Mke wangu aliitaka, nikawa namwambia mwaka kesho. Nikamwona mzee mwembamba katikati ya barabara, shati limegandana na mbavu, na mkono. Mkono ule niliujua. Ulikuwa unakwenda vizuri, hakuna kijana wa leo anayeuzungusha hivyo. Nilitaka kuwaambia watazame mkono.

Halafu basi likaja, likasimama. Picha haina sauti. Binti yangu akatoa kichwa na mabega dirishani kwenye mvua ile, akawa ananiambia kitu, anaonyesha simu, anaonyesha kwa kidole barabara ya kituoni. Mzee akapunga mkono. Akasema tena. Mzee akapiga bodi. Binti akaunganisha viganja viwili, akaniomba. Mzee akapiga filimbi, akapiga tena bodi kwa kiganja, mara tatu, kama mtu anayefukuza ng'ombe.

Kwenye kona ya picha kuna saa. Mimi nimeandika hapa, kwa kalamu hii, kwamba alibisha kidogo. Saa inasema dakika mbili na sekunde kumi.

"Ulikuwa unamwambia nini?" mwenyekiti akamuuliza.

"Kwamba nimepiga simu kituoni, askari yuko njiani. Watoto nimewapandisha viti vya nyuma, maji hayajawafikia. Tusubiri kidogo."

"Na yeye akasema nini?"

Binti yangu akatazama meza. "Akasema askari ameshafika."

Miwani akasema kwa sauti ndogo kwamba askari aliyetumwa ni yeye, na alifika dakika sita baadaye.

Mwenyekiti akanigeukia. Alitazama sare, akatazama uso. "Mzee, siku ile ulikuwa askari?"

Swali hilo nilikuwa nimelijibu kichwani siku nne. Nilikuwa na jibu refu, na jina la mkuu wa kituo aliyeniagiza kwa mdomo, na siku. Nikasimama mkao wa kutoa taarifa, mikono ubavuni.

Nikasema, "Hapana. Nimestaafu miaka kumi na minne. Sikuitwa na mtu, sikutumwa na mtu. Hawa walio nje hawakupanga uongo. Walimwona mtu waliyezoea kumtii tangu wakiwa wanajifunza gari, wakamtii. Na huyu hakutaka. Huyu nilimlazimisha, kwa sababu ni mwanangu. Nimeona sasa hivi hapo."

Mmoja wa wajumbe akaniuliza kama najua kwamba kujifanya askari ni kosa. Nikamwambia nimewakamata watatu kwa kosa hilo, nalijua kuliko yeye. Wakacheka kidogo, hata mwenyekiti.

Walitutoa nje, wakatuita tena. Barua zote arobaini na tatu zimefutwa. Mfereji utazibuliwa, na mstari wataupitia upya. Mimi nimeandikiwa onyo, na nimetia saini kwamba mguu wangu hautaingia tena kwenye makutano yale isipokuwa kwenye kivuko, kama mpita njia mwingine. Nilisoma mara mbili kabla ya kusaini, kwa sababu nasoma pole, na kwa sababu nilitaka ichukue muda.

Mwenyekiti alinipa mkono. Akasema alipokuwa msichana nilimvusha kila siku akienda shule. Sikumkumbuka. Nikamwambia namkumbuka.

Ukumbini madereva walinyanyuka mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga saluti, walinipa mikono, kama msibani. Dereva wa lori la maji akaninong'oneza, "Afande, ungetuambia tu, tungesema tulikufananisha na askari, kosa ni letu."

Tulirudi kwa miguu. Kwenye makutano binti alinishika kiwiko, tukasubiri pamoja na watu mpaka taa ya wenye miguu. Gundi alituona, akainamia kiatu.

Mei 6. Jua. Amerudishiwa funguo za basi.

Mei 9. Jua. Mvua imekwisha.

Nimefika kwa Gundi saa kumi na mbili kama kawaida. Sasa nina kigoda, nakaa. Kutoka pale naona njia zote nne. Nimeona mkunga mpya, kijana, ana gari jeupe, taa ikamzuia akawa anapiga usukani kwa vidole. Mikono yangu ikajikunja magotini. Taa ikabadilika, akapita. Ilichukua sekunde arobaini. Nilikuwa na uwezo wa kumpitisha kwa tatu.

Hapa nafunga kitabu. Atakayesema mzee ametunga, aende kituoni, maneno yangu yapo kwenye jalada na saini yangu chini yake. Amuulize Miwani, aliyeiwasha ile picha na kuizima. Awaulize madereva arobaini na wawili. Gundi naye aulizwe, ila ayapunguze, huwa anaongeza.

Jambo moja tu waniache mimi, wamuulize binti yangu. Siku ile ya kikao, tulipovuka upande wa pili, aliniuliza, "Baba, imekuuma?" Nikamjibu hata kidogo. Aliniona usoni wakati nasema. Yeye ndiye anayejua.